Kamera na Fagia: Mizani ya Kumpima Mlinzi

Yeyote apendaye kujifunza elimu ya kuchagua, na asiwe na fedha ya kulipa karo, ningemshauri aamke alfajiri, apande matatu ya Barabara ya Ngong, Nairobi, ashuke Adams Arcade, na atembee hatua chache tu aingie Soko la Toi kabla jua halijapanda, kwa kuwa saa hizo ndizo mitumba hufunguliwa. Robota lililokazwa kwa mikanda, lililobanwa kwa mashine katika nchi ambayo hakuna hata mmoja kati ya waliolizunguka aliyewahi kuiona, hukatwa kwa kisu kikali, nalo hufura ghafula kama kifua cha mtu aliyezuiliwa pumzi, nguo zikamwagika juu ya turubai. Na katika muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha chai, mikono inayoijua kazi yake imekwisha kuzigawa. Zile bora, zisizo na doa wala mshono uliolegea, huitwa kamera. Zinazofuata huwa kamera ya pili. Na zile za mwisho kabisa, ambazo huuzwa kwa lundo kwa kuwa hakuna aliyezitaka moja moja, huitwa fagia.

Mimi ni jirani wa soko hili kwa miaka mingi. Nililiona likiwa majivu katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nikaliona likiinuka tena banda kwa banda, na nikaliona likiungua tena mwaka 2019, wala katika kuinuka kwake kote sikuona hata mara moja kwamba maarifa ya kuchagua yaliteketea pamoja na mabati. Mchuuzi wa Toi haitazami nguo usoni. Rangi, ambayo ndiyo kitu cha kwanza kumvuta mnunuzi, kwake ni kitu cha mwisho. Yeye huigeuza nguo ndani nje, akapitisha kidole katika mishono ya kwapa, akavuta kiuno, akanusa ukosi. Na kama ni kiatu, hukunja soli mpaka kisigino kikakaribia kidole, akasikiliza kama gundi italia. Hupatafuta mahali ambapo kitu hicho kiliumia zamani, na huangalia namna kilivyopona.

Jumamosi moja ya hivi karibuni, kijana anayeuza jezi kwenye njia iendayo upande wa Makina aliinua vazi moja la buluu, pana mabegani kana kwamba lilishonewa mtu aliyevaa ngao ndani yake, akalipekua kama nilivyoeleza, kisha akasita kulitupa upande wowote.

“Mzee,” akaniuliza, kwa kuwa amenizoea na anajua nina maneno mengi juu ya michezo, “hii ni ya raga ama ni ya nini? Maana nikikosea jina, na bei nayo itakosea.”

Nikamwambia kwamba ile ni jezi ya New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, na kwamba mjukuu wa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda aliichezea timu hiyo kwa misimu tisa akiwa mlinzi. Kijana akaitazama upya, akaikung’uta, akaiweka kwenye kamera. Jezi haikuwa imebadilika hata uzi mmoja; kilichobadilika ni habari alizokuwa nazo mwenye kuihukumu. Jambo hilo dogo lilinikaa moyoni wiki nzima, likanirudisha kwenye swali ambalo limenishughulisha tangu nilipoanza kuandika habari za michezo: je, mwanadamu aweza kutazamwa kwa siku tatu au nne, akapimwa, akakadiriwa, na hukumu hiyo ikawa ya haki? Na katika wachezaji wote, kwa nini mlinzi ndiye anayewashinda zaidi wenye mizani?

Kwa msomaji ambaye mchezo huo ni mgeni kwake, nitaeleza kwa ufupi. Nchini Marekani vijana hujifunza mchezo wao shuleni, kisha wakauchezea vyuo vikuu, na kutoka vyuoni huteuliwa na timu za kulipwa kwa utaratibu maalumu uliofanyika kwanza mwaka 1936. Timu zipo 32, raundi ni saba, na timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hupewa haki ya kuchagua kwanza, ili mnyonge apate nafuu. Wiki chache kabla ya uteuzi, vijana zaidi ya mia tatu hualikwa katika mji wa Indianapolis, ambako zoezi hili limefanyika tangu 1987, na huko hupimwa kila kitu kinachopimika. Hukimbia yadi 40 mbele ya saa. Hulala chali na kunyanyua chuma cha ratili 225 mara nyingi wawezavyo. Huruka juu, huruka mbele, huzunguka koni tatu zilizotegwa kwa pembe. Hupimwa urefu wa mkono na upana wa kiganja. Madaktari wa timu huwabonyeza magoti na mabega. Na usiku huitwa vyumbani kuhojiwa na makocha.

Mwaka 2006 mmoja wa vijana waliongojea uteuzi alikuwa Mathias Kiwanuka wa Boston College. Alizaliwa Machi 1983 katika mji huo huo wa Indianapolis, mtoto wa wazazi waliotoka Uganda, na babu yake alikuwa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 1962 kabla ya uhuru, na baadaye Jaji Mkuu, ambaye Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimtoa katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe, asionekane tena. Mjukuu huyu hakumwona babu yake, walakini jina alilolivaa mgongoni lilikuwa jina la mtu aliyekataa kuondoka mahali pake alipojua fika kwamba atavamiwa. Na mimi, ambaye nilikua nikisikia habari za jaji huyo zikisimuliwa na wazee kwa sauti ya chini, sikuweza kulitazama jina lile juu ya jezi kama ninavyoyatazama majina mengine.

Kazi ya kijana huyu ilikuwa ulinzi wa ukingoni. Katika mchezo wao timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi, na anayeendesha shambulio, ambaye huitwa kwotabeki, husimama nyuma ya ukuta wa wenzake akitafuta wa kumtupia. Mlinzi wa ukingoni huanzia pembeni mwa ukuta huo, akauzunguka au akaupasua, akamwangusha kwotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi. Chuoni Kiwanuka alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 37 na nusu, ambayo ni rekodi ya chuo hicho. Nusu huandikwa pale walinzi wawili wanapomgawana mtu mmoja. Giants wakamchukua wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza, nafasi ya 32. Wa kwanza mwaka huo, mbele ya vijana wote wa nchi nzima, alikuwa pia mlinzi wa ukingoni, Mario Williams, aliyekwenda Houston.

Sasa nirudi kwenye mizani, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Katika mpira wowote, wa kwao na wa kwetu, mshambuliaji huacha ushahidi. Afungaye bao ameandikwa, dakika yake imeandikwa, na hata kipofu huambiwa na kelele za uwanja kwamba kuna jambo limetendeka. Mlinzi aliye bora hufanya kazi ambayo alama yake ni kutokuwapo kwa alama: ni pasi ambayo haikupigwa kwa kuwa mpigaji alimwona yeye amesimama pale, ni shambulio lililogeuzwa likapelekwa upande wa pili, ni dakika tisini ambazo hakuna anayezikumbuka. Yupo mlinzi anayeteleza chini mara kumi katika mchezo mmoja na kuunyakua mpira, watu wakamshangilia, ilhali kila kuteleza kwake kulikuwa ni kulipa deni la kusimama mahali pasipostahili. Na yupo mwingine ambaye fulana yake hutoka uwanjani safi kama ilivyoingia, mtu akadhani hakucheza. Nani atakayeyaona hayo kwa kumkimbiza kijana yadi 40 katika uwanja mtupu, bila mpira, bila adui, bila mwenzake aliyekosea na kumwachia mzigo?

Wamarekani wenyewe wamelipia somo hili kwa fedha nyingi. Mwaka 2008 kijana aitwaye Vernon Gholston, wa Ohio State, alinyanyua kile chuma cha ratili 225 mara 37, na umbo lake lilikuwa la kuchongwa. New York Jets wakamteua wa sita katika nchi nzima. Akakaa nao misimu mitatu, na katika misimu hiyo yote hakumwangusha kwotabeki hata mara moja. Miaka mitano kabla yake, Terrell Suggs wa Arizona State, ambaye katika msimu mmoja wa chuo, mwaka 2002, aliwaangusha makwotabeki mara 24, alikimbia zile yadi 40 kwa uzito hata wengi wakamtilia shaka. Teuzi tisa zikapita bila ya jina lake, Baltimore Ravens wakamchukua wa kumi. Alipostaafu alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 139. Saa haikusema uongo juu ya yeyote kati ya hao wawili. Gholston kweli alikuwa na nguvu, na Suggs kweli hakuwa na mbio za kumtisha mwenye saa. Uongo ulikuwa katika kudhani kwamba swali lililoulizwa ndilo swali lililopaswa kuulizwa.

Siandiki haya kuudharau upimaji. Mchuuzi wa Toi naye hupima. Hana budi kujua kama suruali ni ya kiuno 32 au 36, na anayedai kwamba jicho lake latosha peke yake huuza suruali ikarudi jioni. Mwili una haki yake. Mlinzi mfupi atashindwa mpira wa kichwa hata akiwa na moyo wa simba, na mlinzi mzito atapitwa hata akiwa na akili ya kadhi. Kipimo ni mlango wa nyumba, nami sijaona mtu aliyeingia ndani kwa kuupuuza mlango. Lakini nimewaona wengi waliosimama mlangoni, wakausifu ubao wake na misumari yake, wakaondoka wakidhani wamekwisha kukaa sebuleni.

Kuna jambo jingine katika upimaji huo ambalo sitalipita kimya. Kila nionapo picha za vijana wa Indianapolis, aghalabu weusi, wakiwa wamevua mashati na kupanda mmoja mmoja juu ya mizani mbele ya safu za watu wazima wenye kalamu, moyo wangu huenda Unguja, Mkunazini, kwenye soko ambalo Sultani Barghash alitia sahihi lifungwe Juni 1873, na ambalo mahali pake likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Najua tofauti, nayo ni kubwa kuliko bahari: hawa wamekwenda kwa hiari yao, watalipwa mali nyingi, na waweza kukataa. Hata hivyo mwili una kumbukumbu zake, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuona meno na mabega ya kijana yakikaguliwa hadharani asihisi kitu. Wala si mbali hivyo na hapa tulipo. Kibera yenyewe, mtaa ulio jirani ya Toi, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi kibra, yaani msitu, ilianzishwa na askari Wanubi wa King’s African Rifles, watu waliotoka Sudani wakatumikia dola ya Kiingereza, na ambao kabla ya kupewa ardhi miili yao ilikwisha kujaribiwa katika utumishi wa jeshi. Ardhi ambayo mabanda ya Toi yamesimama kando yake iligawiwa kwa waliopita katika mizani ya miili, na wajukuu wao waliendelea kwa miongo mingi kudai kwamba dola iliyoijua vema nguvu ya mikono ya babu zao ikatae basi kusahau haki zao.

Kama Kiwanuka ni mfano wa mlinzi aliyepimwa baada ya kuonekana miaka minne, Nairobi ilitoa mfano wa kinyume chake. Daniel Adongo alizaliwa mwaka 1989, akasoma Shule ya Strathmore, Lavington, ambayo mtu wa mtaa wa Kawangware huifikia kwa miguu, akacheza raga, na raga ikampeleka Afrika Kusini na New Zealand. Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tano, mpana, mwepesi kwa umbo lake kwa namna isiyo ya kawaida. Na katikati ya mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili awe mlinzi wa nyuma ya safu ya kwanza, ilhali hakuwa amecheza mchezo wao hata mara moja maishani mwake. Hapakuwa na chuo, hapakuwa na kanda za mchezo huo za kutazama, hapakuwa na kocha wa zamani wa kuulizwa. Palikuwa na mwili, na matumaini juu ya mwili. Tarehe 1 Desemba 2013, dhidi ya Tennessee Titans, akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, na mimi ninayeandika nilikesha kulitafuta jina lake katika habari, nikafurahi kama aliyepata mwana.

Alicheza michezo michache tu, akiumia na kupona na kuumia tena, na mwaka 2015 safari yake na Colts ikaisha. Wako waliosema kwamba alishindwa. Mimi naona kwamba kijana huyo alifanya jambo ambalo wengi wetu hatungethubutu, yaani kuanza alifu na be ya kazi mpya akiwa na umri wa miaka 23 mbele ya macho ya dunia, kati ya watu walioianza wakiwa na miaka saba au minane. Ulinzi ni lugha. Mlinzi mzoefu huona bega la adui likiinama kidogo akajua mpira unakwenda kushoto, na hajui hata yeye mwenyewe alijuaje. Ni kama sisi tunavyojua kwamba ngeli imekosewa kabla hatujataja kanuni. Adongo alipewa msamiati, akapewa mapafu ya kuutamkia, lakini hakuna awezaye kupewa utoto wa pili wa kuinyonya lugha pamoja na maziwa. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la mizani iliyouona mwili ikaacha kuuhesabu muda.

Wala muda huo hauhitaji chuo kikuu cha Marekani. Kawangware ilizaa timu iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la World Hope, ikatwaa kombe la taifa mwaka 2005, na baadaye ikajulikana kwa jina la Nairobi City Stars. Na katika jezi ya timu hiyo alipita, akiwa bado mvulana wa shule, Victor Wanyama. Alizaliwa katika nyumba ya mpira: baba yake Noah aliichezea AFC Leopards, na kaka yake McDonald Mariga alitangulia Ulaya. Mvulana huyo alikuwa mkabaji wa kiungo, kazi isiyoimbwa, na aliyemwona wakati ule hakuona mbio za ajabu wala chenga. Akaenda Sweden mwaka 2007, Ubelgiji mwaka 2008, Scotland mwaka 2011. Na usiku wa tarehe 7 Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2 kwa 1. Mwaka uliofuata Southampton walitoa pauni milioni 12.5 kumnunua. Dunia humkumbuka kwa kichwa kile, nami simlaumu mtu kwa kukumbuka bao. Lakini waliomlipia fedha walizilipa kwa sababu ya jinsi alivyosimama mbele ya mabeki wake katika dakika ambazo hakuna aliyezipiga picha, na kusimama huko alijifunza kwa kukua katika viwanja ambavyo watu walimjua kwa jina, wakamjua na baba yake, wakaona alivyokuwa akitenda siku aliyofungwa.

Siku aliyofungwa, nasema, kwa kuwa huku ndiko mawazo yangu yote yanakoelekea, na ndiko Kiwanuka atakakotupeleka.

Novemba 26, 2006, akiwa mgeni wa miezi michache katika kazi hiyo, alikuwa Nashville na wenzake wa Giants dhidi ya Titans. Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0. Titans wakafunga, wakafunga tena, na dakika za mwisho wakawa na jaribio la nne, wanahitaji yadi kumi, wakizikosa mchezo umekwisha. Kiwanuka akalipasua tabaka la ukuta, akamfikia kwotabeki, Vince Young, akamkumbatia kwa mikono miwili, mirefu ile ile iliyopimwa na kuandikwa, na akamwachia. Alidhani mpira umekwisha kutupwa, na akaogopa kwamba akimwangusha mtu asiye na mpira timu yake itaadhibiwa. Young alikuwa bado anao. Akakimbia, akazipata yadi zake, Titans wakasawazisha, na mwisho wakashinda 24 kwa 21.

Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara naona kwamba kosa lake lilitoka katika fadhila. Mtu mkali asiyejali kanuni angemwangusha Young bila kufikiri. Kijana yule alifikiri, akajizuia, akakosea kwa kujizuia. Ni koni gani tatu zingeliweza kulionyesha hilo? Ni chuma kipi? Na lililo kubwa zaidi ni yale yaliyofuata, ambayo nayo hayakuwamo katika daftari la mtu yeyote siku ya uteuzi. Mwaka 2007, kwa kuwa timu ilikuwa na walinzi wa ukingoni wengi na wazuri, Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck, makocha walimwondoa katika kazi aliyoizoea tangu chuoni wakamweka nyuma ya safu, naye akakubali akaanza kujifunza upya. Novemba ya mwaka huo akavunjika mguu. Wenzake walipolitwaa taji kuu Februari 2008, yeye alikuwa kando, hachezi. Akarudi, akarudishwa ukingoni. Mwaka 2010 akaumia diski ya shingo, jeraha ambalo lingeliweza kumfanya mtu yeyote mwenye akili timamu aiage kazi. Akarudi tena, akaambiwa aende tena nyuma ya safu, akaenda, akacheza msimu mzima wa 2011. Tarehe 5 Februari 2012 Giants wakawashinda New England Patriots 21 kwa 17 na kulitwaa taji kuu kwa mara nyingine, safari hii Kiwanuka akiwa uwanjani. Na uwanja wenyewe ulikuwa Indianapolis, mji aliozaliwa, mji ule ule ambako kila mwaka vijana huvuliwa mashati na kupimwa.

Basi Jumamosi iliyofuata ile ya jezi ya buluu, nilipotoka sokoni, nikiwa na nazi mbili na fungu la sukuma wiki, nilipita kwenye kiwanja cha vumbi ambako mwalimu mmoja wa mpira huwajaribu vijana wanaotaka kuingia katika timu yake. Wengi wao walikuwa wamevaa njumu zilizotoka Toi. Nilizitambua kwa nyuzi mpya zilizoshonwa juu ya ngozi kuukuu, na wawili au watatu, naamini, walikuwa wamezinunua katika fagia, kwa maana kiatu cha kulia hakikuwa ndugu wa kiatu cha kushoto. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya jiwe, daftari la shule likiwa gotini, penseli nyuma ya sikio. Nikamwamkia, nikaketi kando yake. Mchezo ulikuwa umeendelea kiasi cha nusu saa, na ukurasa wake ulikuwa mweupe.

“Mwalimu,” nikamwuliza, “leo wamtafuta nani?”

“Natafuta beki wa kati, mzee wangu.”

“Yule mrefu wa kulia si anacheza vizuri? Mbona hujaandika kitu?”

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayeulizwa na mgeni njia ambayo wenyeji wote wanaijua. “Bado hawajafungwa,” akasema. “Waache kwanza wafungwe.”

Haikuchukua muda. Mpira mrefu ulipigwa kutoka upande wa mabanda, yule mrefu akaruka akaukosa, mshambuliaji mdogo mwenye miguu ya haraka akapita nyuma yake, na bao likaingia kati ya mawe mawili. Yule mrefu akaweka mikono kiunoni, akamgeukia golikipa akaanza kumlaumu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwenzake wa kushoto, kijana mfupi kuliko nilivyodhani beki wa kati apaswa kuwa, ambaye mpaka dakika ile sikuwa nimemwona kabisa, alikwenda akauokota mpira kwenye mtaro, akaufuta maji kwa fulana yake, akautupa katikati ya uwanja. Kisha akarudi mahali pake, akamwita yule mrefu kwa jina, akamwonyesha kwa mkono asogee hatua mbili nyuma. Yule mrefu akasogea. Dakika chache baadaye ukapigwa mpira mwingine kama ule ule, na safari hii haukumfikia mtu.

Mwalimu akaitoa penseli nyuma ya sikio.